Sura ya Sita: Ngozi ya Waya

Mota ya umeme ikiungua, shaba iliyomo ndani haijaungua. Shaba huyeyuka kwenye digrii 1,085 za Selsiasi, na mota ya kinu cha unga haifiki hata robo ya joto hilo, ila pale tu cheche inapotoboa shimo kati ya waya na chuma, au kati ya waya na waya. Chuma nacho kizima. Kilichoungua ni ngozi, yaani lile tabaka la kahawia linalong'aa juu ya waya, ambalo asiyejua hudhani ndiyo rangi ya shaba yenyewe. Waya wenye unene wa milimita 1 huvikwa tabaka la kama sehemu 3 tu kati ya 100 za milimita kila upande. Mota nzima, pamoja na uzito wake wote wa chuma na deni la aliyekopa ili ainunue, inaishi kadiri ngozi hiyo inavyoishi.

Mjini Bunia, huko Ituri nchini Kongo, watu hawahitaji kuelezwa nini hufuata. Kinu kinanyamaza, harufu kali inatanda, na mota inafungwa kwenye pikipiki kwenda kwa bobineri, ambaye Dar es Salaam au Nairobi angeitwa fundi wa kusuka mota. Inaweza kuwa imetoka kwenye kinu cha mahindi na mihogo, kwenye pampu ya kisima, kwenye msumeno wa mbao, au kwenye mashine ya kuponda mawe ya dhahabu huko upande wa Mongbwalu. Bei huzungumzwa kwa kilo za shaba. Hilo lina mantiki, maana shaba ndiyo ghali na ndiyo inayopimika kwenye mizani. Lakini ustadi wa bobineri unakaa kwenye vile visivyopimwa: karatasi, vanishi, na saa za kungoja.

Umeme hutafuta njia fupi. Waya mtupu ukizungushwa mara mia juu ya chuma, mizunguko ikigusana, mkondo unaruka kutoka mzunguko mmoja hadi mwingine na kulikwepa lile zunguko refu lililokusudiwa. William Sturgeon wa Uingereza alikutana na tatizo hili mwaka 1825 alipotengeneza sumaku yake ya umeme. Alikipaka vanishi kile chuma, akauacha waya mtupu, na kwa hiyo ilimlazimu kuiachanisha mizunguko yake, ikawa michache. Joseph Henry, mwalimu wa Albany huko Marekani, aligeuza mambo: akauvika waya wenyewe kwa hariri. Sasa aliweza kurundika mizunguko tabaka juu ya tabaka, na mwaka 1831 sumaku aliyokitengenezea Chuo cha Yale ilinyanyua zaidi ya kilo 900. Mwezi Agosti mwaka huohuo, London, Michael Faraday alizungusha koili mbili kwenye pete ya chuma, akazitenganisha kwa kitambaa cha pamba na kamba, akagundua kwamba sumaku inayobadilika huzaa umeme. Transfoma zote na mota nyingi za leo zinatoka kwenye pete ile. Vitabu vya shule humsifu Faraday kwa wazo lake, na ni haki yake. Mimi ningeongeza sifa kwa kile kitambaa, maana bila hicho pete ingekuwa chuma kilichofungwa shaba na basi.

Kwa miaka mingi baada ya hapo ngozi ya waya ilikuwa pamba, hariri na karatasi. Vitu hivi vina ubaya mmoja mkubwa: vinanyonya maji. Ndiyo maana vililoweshwa vanishi, na vanishi bora za karne ya 19 zilipikwa kwa mafuta ya kitani pamoja na utomvu mgumu wa miti ya kale uliochimbwa ardhini. Watu wa Mrima waliuita sandarusi. Waliuchimba pwani ya Tanganyika, ukauzwa Unguja, na merikebu za Wamarekani kutoka bandari ya Salem, Massachusetts, zikaubeba kwa wingi. Karne ya 20 ilipoingia, Kongo ya Wabelgiji ikawa muuzaji mkubwa wa utomvu wa namna hiyo, ukiokotwa kwenye misitu ya majimaji ya Équateur. Sehemu kubwa ilikwenda kwenye fanicha na magari ya farasi, lakini viwanda vya vifaa vya umeme navyo vilitumia vanishi za jamii hiyo. Leo ngozi ya waya ni poliesta au poliimidi iliyotoka maabara, na shaba ya Katanga inaweza kuturudia Bunia kwenye vigurudumu vya plastiki ikiwa imeshavishwa ng'ambo.

Mashine kubwa zilikuwa na dawa nyingine: ulanga, lile jiwe linalobanduka kama kurasa na lisilojali moto. Majenereta ya nusu ya kwanza ya karne ya 20 kwa kawaida yalifungwa tepu za ulanga zilizogandishwa kwa utomvu au lami. Umeme wenyewe uliingia Ituri kwa ajili ya dhahabu. Dhahabu iligunduliwa mwaka 1903, kampuni ya Kilo-Moto ikakua juu yake, na maporomoko ya Budana kwenye mto Shari yakafungwa kwa ajili ya machimbo kabla ya kufikiriwa kwa ajili ya taa za mji. Mpaka leo hesabu hiyo bado inaonekana: mji umekua kuliko umeme wake, na gurupu za mazuti, yaani majenereta ya dizeli, zinaziba pengo.

Sasa tuingie kwenye kibao. Mota karibu zote zina kibao cha bati chenye volti, ampea, mizunguko kwa dakika, na pembeni herufi moja: B, F au H. Wanunuzi wengi huipita. Herufi hiyo ndiyo daraja la ngozi. Pamba na karatasi zisizoloweshwa zilipewa herufi Y na kikomo cha digrii 90. Zikiloweshwa vanishi zinapanda hadi A, digrii 105. E ni 120, B ni 130, F ni 155, H ni 180. Mota nyingi mpya za kiwandani leo ni F.

Kikomo hicho si mstari ambao ukiuvuka mota inakufa palepale. Ngozi huzeeka kwa kemia, polepole, kila saa inayopita, na joto ndilo linaloharakisha. Mwaka 1930 mhandisi Mmarekani V. M. Montsinger alionyesha kwamba maisha ya vihami, yaani ngozi za namna hii, hupungua nusu kwa kila ongezeko la digrii 8 hadi 10 hivi, na mwaka 1948 Thomas Dakin akaeleza kwa nini: ni mwendo wa kawaida wa mabadiliko ya kikemia, ambayo huenda kasi kadiri joto linavyopanda. Mafundi hutumia 10 kwa sababu ni rahisi kukumbuka.

Chukua kipimo kinachotumika sana, saa 20,000 kwenye joto la daraja. Kinu kinachofanya kazi saa 8 kwa siku kitazimaliza kwa karibu miaka 7. Waya wa F ukikaa digrii 145 badala ya 155, saa ni 40,000. Ukikaa 165, ni 10,000. Ukikaa 175, 5,000, ambayo haifiki hata miaka miwili. Na sasa jambo linalotokea kweli: mota ya daraja F inasukwa upya kwa waya, karatasi na vanishi za daraja B, kwa sababu ndizo zilizopatikana sokoni, halafu inarudishwa kwenye mzigo uleule na joto lilelile la 155. Imezidishiwa digrii 25. Saa zake zinashuka hadi kama 3,500, mwaka mmoja na miezi michache. Mwenye kinu atasema alidanganywa shaba. Hakudanganywa shaba hata kidogo, maana shaba yote imo.

Ngozi ikichanganya madaraja, la chini ndilo linalotawala. Waya wa H uliolazwa kwenye karatasi ya B ni mota ya B.

Joto la ndani hupimwaje bila kupasua mota? Shaba yenyewe ni kipimajoto. Ukinzani wake hupanda kwa takriban asilimia 0.39 kwa kila digrii. Pima omu za koili asubuhi mota ikiwa imelala, tuseme 2.0 kwenye digrii 20. Iendeshe mpaka itulie kwenye joto lake, izime, pima haraka kabla haijapoa. Ukipata 2.6, ukinzani umepanda asilimia 30, na hesabu inakupa digrii 96 hivi. Huo ni wastani wa koili. Sehemu ya moto zaidi, katikati ya mfereji wa chuma ambamo waya umelazwa, iko juu ya hapo. Mita nzuri na daftari vinatosha. Kugusa gamba la mota kwa kiganja hakutoshi, ingawa ndicho kipimo kinachotumiwa sana duniani.

Watu wa Bunia wana msemo kwamba mji uko juu, hewa ni nyepesi, ndiyo maana mota zinaungua. Kuna ukweli ndani yake, ila ni mdogo. Viwango vya kimataifa huhesabu mota kwa mwinuko usiozidi mita 1,000, kwa sababu hewa nyepesi hupooza vibaya, na Bunia iko kama mita 1,275. Adhabu yake ni kama asilimia 1 ya ongezeko la joto lililoruhusiwa kwa kila mita 100 za ziada, hivyo kwa mota ya F haifiki digrii 4. Viwango hivyohivyo vinadhani hewa ya nje inaweza kufika digrii 40. Bunia hailijui joto hilo. Baridi ya mwinuko inarudisha zaidi ya kile ambacho wepesi wa hewa umechukua, na mtu akitaka mahali pa kumwonea huruma bobineri, aende ufukweni mwa ziwa Albert, chini kule Kasenyi.

Mwuaji wa kweli anakaa kwenye laini ya umeme. Kongo hutumia volti 380 kwa fezi tatu, Uganda 415. Bidhaa nyingi zinazofika Ituri hupitia Uganda, na mota yenye kibao cha 415 haikatai 380, inazunguka tu. Lakini volti zimepungua asilimia 8 na zaidi. Ili ibebe mzigo uleule inavuta ampea za ziada kama asilimia 9, na kwa kuwa joto la waya hufuata mraba wa mkondo, joto hilo linapanda karibu asilimia 19. Hapo laini yenyewe bado ni nzima. Mwisho wa waya mrefu na mwembamba, jioni, 380 hiyo ni ndoto.

Kibaya kuliko hicho ni fezi kutolingana. Tofauti ya volti ya asilimia 3.5 tu kati ya fezi huongeza joto kwa kama asilimia 25. Na kibaya kuliko vyote ni fezi moja kupotea kabisa, fyuzi ikikatika au kiungo kikilegea juu ya nguzo. Mota iliyokuwa imesimama haitaanza, itanguruma tu. Iliyokuwa inazunguka inaendelea kuzunguka kwa fezi mbili, na mkondo unapanda kwa kiasi cha mara 1.7, yaani joto mara 3. Msagaji anasikia sauti imekuwa nzito kidogo, anadhani ni mahindi mabichi.

Mauaji haya yanaacha alama, na bobineri mwenye akili huzisoma kabla ya kugusa patasi. Mota iliyofungwa nyota ikipoteza fezi, makundi mawili ya koili yanakuwa meusi na la tatu linabaki linang'aa kama la kiwandani. Iliyofungwa pembetatu huunguza kundi moja na kuacha mawili. Koili zote zikiwa nyeusi sawasawa, mzigo ulizidi, au volti zilikuwa chini, au unga ulijaza mapezi ya gamba hadi feni ikawa inapuliza ukuta. Mzunguko mmoja au miwili ya koili moja ikiwa imeyeyuka na mingine mizima, waya ulikwaruzwa siku ya kusukwa. Shimo moja kwenye mdomo wa mfereji linamaanisha karatasi ilipasuka pale. Alama hizi hukaa wazi mbele ya macho mpaka waya unapong'olewa na kutupwa kwenye gunia la shaba chakavu. Baada ya hapo hakuna atakayejua. Kama makundi mawili ya koili ni meusi na la tatu safi, kusuka mota bila kumwambia mwenyewe akakague fyuzi zake ni kumsukia mota ya kuungua tena.

Kung'oa waya wa zamani ni hatari isiyotajwa. Vanishi imegeuka jiwe, hivyo stata, ile sehemu isiyozunguka inayobeba koili, hutupwa motoni, mara nyingi kwenye kuni. Chuma cha stata si kipande kimoja: ni mabati membamba yenye unene wa kama nusu milimita, na kila bati lina ngozi nyembamba inayolitenga na jirani yake ili mkondo usizunguke ndani ya chuma. Moto ukipita digrii 370 hivi, ngozi hiyo nayo inaharibika. Stata itasukwa vizuri, itazunguka, na itakuwa ya moto daima hata bila mzigo. Utafiti wa mwaka 2003 wa vyama vya wasukaji wa mota vya Marekani na Uingereza, EASA na AEMT, ulionyesha kwamba mota inayosukwa kwa uangalifu hubaki na ufanisi wake, na uangalifu huo ulianzia kwenye tanuri lenye joto linalodhibitiwa. Asiye na tanuri akate vichwa vya koili kwa patasi na kuchomoa waya taratibu. Ni siku nzima ya jasho, lakini chuma kinapona.

Karatasi hufuata. Kila mfereji hutandikwa, karatasi ikitokeza pande zote mbili na kukunjwa ukosi ili isiteleze. Kati ya fezi na fezi, kwenye vichwa vya koili, huwekwa karatasi nyingine, na hapo ndipo haraka huonekana, kwa sababu pale volti zote 380 hukutana. Katoni ya bidhaa inafanana na karatasi hii kwa macho tu; inanyonya maji na kuwa makaa mapema. Mdomo wa mfereji hufungwa kwa kabari, ya mbao kavu au ya mianzi, na vichwa hufungwa kwa uzi.

Vanishi ndiyo mwisho, na ndiyo hupuuzwa. Wengi hudhani ni rangi ya kupendezesha, ikapakwa kwa brashi juu ya vichwa. Kazi zake ni nne. Inaziba hewa iliyobaki kati ya nyaya, na hewa haipitishi joto vizuri, hivyo waya uliozungukwa na vanishi hupoa kuliko uliozungukwa na hewa. Inazuia unyevu. Inazuia vumbi. Na inazigandisha nyaya zisitikisike, maana kwenye umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde waya husukumwa mara 100 kwa sekunde, na nyaya mbili zinazosuguana namna hiyo zitachubuana.

Ili iingie ndani, stata hupashwa kwanza hadi kupita digrii 100 kidogo ili unyevu utoke. Huachwa ipoe kiasi, halafu huzamishwa na kuachwa mpaka viputo vikome, huinuliwa ichuruzike, kisha huokwa saa kadhaa kwa joto linalotakiwa na aina ya vanishi. Vanishi iliyokauka juu na kubaki majimaji ndani ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, kwa sababu kiyeyusho kilichofungiwa humo kinaweza kuilainisha ngozi ya waya. Lakini saa hizi ndizo zinazogombewa na mteja.

“Fundi, waya umemaliza tangu jana. Sasa unangoja nini?”

“Mama, vanishi haijakauka ndani.”

“Lakini naona imekauka.”

Mama ana foleni ya ndoo za mihogo nyumbani, na ana haki ya kuharakisha. Fundi anayekubali kuitoa jioni hiyo anauza sehemu ya saa zile 20,000.

Kupima kuna kifaa chake. Sydney Evershed wa Uingereza alitengeneza kipimo cha uhami mwishoni mwa karne ya 19, na jina la Megger likasajiliwa mwaka 1903. Mafundi wa leo huita megga kifaa chochote cha namna hiyo. Kinasukuma volti 500 kati ya koili na chuma na kusoma ukinzani. Mota ndogo iliyosukwa vizuri na kukaushwa husoma megaomu mia na zaidi. Chini ya 5 isiwashwe. Mota iliyolala msimu wa mvua ikisoma chini, mara nyingi ni unyevu tu, na taa ya kizamani ya nyuzi iliyowashwa ndani yake usiku kucha yaweza kuiponya.

Megga haioni kila kitu. Inapima koili dhidi ya chuma, au fezi dhidi ya fezi. Mizunguko miwili ya fezi moja ikigusana, megga itasoma vizuri kabisa na mota itaungua wiki ijayo. Jaribio la mwisho kwa karakana isiyo na mashine za gharama ni pensi ya ampea, ile mita ya kubana waya: mota inawashwa bila mzigo, mkondo wa kila fezi unasomwa. Ikilingana, mota inafungwa kwenye pikipiki. Ikitofautiana, hamisha nyaya zote tatu hatua moja, A kwenda B, B kwenda C, C kwenda A, ili mota izunguke upande uleule, na usome tena. Mkondo mkubwa ukibaki kwenye laini ileile ya ukutani, kasoro imo kwenye umeme. Ukihama pamoja na waya wa mota, kasoro imo kwenye koili, na gharama ya kuifungua tena ni ya bobineri.